Kufunga kamera nyumbani: anza na sura ya mtu, idadi ya kamera itafuata

FUNDI WA TABATA

Habari zenu wakuu. Shikamooni wakubwa.

Swali ni lile lile humu kila mara: "Nyumba yangu ina vyumba vitatu na fensi, nifunge kamera ngapi?" Majibu yanamiminika. Funga nne. Funga nane. Chukua megapikseli tano. Chukua zile zinazoonyesha rangi usiku. Mwenye nyumba anaingia Kariakoo na orodha hiyo, anarudi na boksi, na fundi anazitundika zote kwenye pembe za paa kwa sababu huko juu "zinaona eneo lote".

Eneo lote zinaliona kweli. Sura ya mtu haionekani.

Hii ndiyo kazi yangu, na picha ninazoletewa na watu waliokwisha kuibiwa zinafanana mno. Mtu anapita uani, kofia yake inaonekana vizuri kabisa, mabega yanaonekana, begi mgongoni linaonekana. Askari kituoni anaitazama, anauliza, "Huyu ni nani?" Mwenye nyumba hana jibu. Inauma kuona mtu aliyelipa fedha nyingi anaondoka kituoni na picha isiyomsaidia chochote.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza ngapi, zunguka nyumba yako kwa miguu uangalie anayetaka kuingia atapita wapi bila kukwepa. Nyumba nyingi za huku kwetu zina geti la gari na kigeti kidogo, mlango wa mbele, na mlango wa jikoni unaotokea uani. Mwizi anaweza kuruka ukuta sehemu yoyote, lakini ili atoke na televisheni yako lazima apite mlangoni. Mlangoni ndipo pa kukamatia sura. Upande mrefu wa fensi unataka kamera ya kukujulisha tu kwamba kuna mtu. Kazi mbili hizo hazifanywi na kamera moja.

Kuna kipimo ambacho wauzaji hawakitaji. Kiwango cha Ulaya cha kamera za ulinzi, EN 62676-4, toleo la 2015, kinaangalia ni pikseli ngapi (vidoti vinavyounda picha) zinaangukia kwenye kila mita moja ya upana wa eneo. Pikseli 25 kwa mita zinatosha kujua pale pana mtu. Pikseli 125 zinatosha kumjua mtu ambaye tayari unamfahamu. Ili umtambue mtu usiyewahi kumwona, zinatakiwa 250. Sasa chukua kamera ya megapikseli 2, picha yake ina upana wa pikseli 1920. Gawanya kwa 250, unapata mita 7 na nusu na kidogo. Eneo unalolitazama likiwa pana kuliko hapo, sura ya mgeni umeikosa.

Lenzi ya milimita 2.8, ambayo ndiyo imejaa madukani, inafungua pembe ya nyuzi zaidi ya 100. Kwa pembe hiyo, mgeni anatambulika vizuri akiwa mita 3 tu kutoka kwenye kamera. Akifika mita 10 ni umbo tu. Lenzi ya 3.6 inakusogeza hadi mita 4 na nusu hivi, na ya 6 inakaribia mita 8. Ukiongeza megapikseli zikawa 4 huku umebaki na lenzi ya 2.8, unatoka mita 3 unafika karibu mita 4, basi. Unaona wapi fedha inafanya kazi. Mara nyingi kamera ile ile inakuja na lenzi mbili au tatu tofauti kwa bei inayokaribiana, unapewa 2.8 kwa sababu hukuuliza.

Na urefu wa kutundika. Sura ya mtu mzima iko kwenye mita 1.6 hivi kutoka chini. Kamera ikiwa mita 2.5 juu na mtu akiwa mita 3 mbele yake, unamtazama kwa mteremko wa nyuzi 17, uso unaonekana hata akiwa na kofia. Ipandishe kamera hiyo hiyo mita 4.5, mteremko unakuwa nyuzi 44. Hapo unapiga picha ya utosi. Watu wanaogopa kwamba kamera ikiwa chini itang'olewa. Ing'olewe! Anayeing'oa ameisogelea na ameitazama, na picha yake imeshaingia kwenye rekodi. Ukiwa na wasiwasi sana, weka ya pili juu inayoitazama ile ya chini.

Nyumba ya kawaida ya kamera nne mimi naipanga hivi: moja kwenye kigeti inayotazama anayeingia usoni, moja mlango wa mbele, moja mlango wa jikoni, na ya nne pana inayotazama uwanja wenye gari na simtanki. Tatu za sura, moja ya eneo. Ulizeni maswali, nitajibu niwezavyo.

MJENZI WA GOBA

Mkuu asante kwa uzi. Geti langu liko mita 15 kutoka kwenye nyumba. Fundi ameniambia kamera moja ya megapikseli 8 ukutani itasoma mpaka namba ya gari. Ni kweli?

FUNDI WA TABATA

Mchana, gari likiwa limesimama, pengine. Usiku usitegemee. Taa za mbele za gari zikielekezwa kwenye kamera, picha yote inakuwa nyeupe na namba inapotea humo. Kama lazima utazame kutoka kwenye nyumba, chukua lenzi ya milimita 12, kwa mita 15 hata megapikseli 2 zinatosha kwa sura, ila ujue utaona geti tu na si kingine. Mimi ningepeleka waya hadi kwenye nguzo ya geti, kamera ikae ubavuni inatazama gari likiwa linapita kuingia ndani. Namba ya nyuma inasomeka vizuri zaidi kwa sababu taa za nyuma hazina mwanga mkali.

Kwa kuwa bado unajenga, kaka, una bahati. Mwambie fundi umeme alaze paipu kutoka kwenye nyumba mpaka kwenye nguzo zote mbili za geti sasa hivi, kabla hujamwaga zege wala kupanga pavingi. Paipu tupu haina gharama ya maana. Kuchimba baadaye ndiyo gharama. Weka na kamba ya kuvutia waya ndani yake.

MAMA WAWILI

Naomba kuuliza fundi. Hizi za waya na zile za waifai, ipi bora? Dukani wananichanganya, mara DVR mara NVR.

FUNDI WA TABATA

Dada, ziko familia tatu.

Ya kwanza ni ya analogi ya kisasa. Kila kamera inavuta waya wake mnene mweusi au mweupe mpaka kwenye DVR, yaani kisanduku cha kurekodi, mwishoni kuna konekta ya BNC ya kuzungusha. Vifaa vyake vinapatikana kila mkoa, na ikiharibika fundi wa Singida au Mtwara anaijua. Kwa nyumba ya kawaida hii inatosha kabisa na ndiyo nafuu.

Ya pili ni kamera za IP, yaani za mtandao, zinazoingia kwa kebo ya mtandao kwenye NVR, kisanduku chao cha kurekodi. Kebo moja inabeba picha na umeme pamoja, ndiyo wanaita PoE, na inafika mita 100. Gharama iko juu kidogo, picha iko bora, na ukitaka kuongeza kamera baadaye haikupi shida.

Ya tatu ni za waifai. Urahisi wake uko kwenye picha kusafiri bila waya, lakini umeme bado inauhitaji, kwa hiyo waya hukuukwepa. Kuta za tofali na paa la bati vinakula mawimbi. Nyumba ambayo ruta iko sebuleni na kamera iko nyuma ya jiko, kuta tatu katikati, itakuwa inakatika kila siku. Ndani ya nyumba au kwa mpangaji wa chumba na sebule sina tatizo nayo. Kwa ulinzi wa nje wa nyumba yenye fensi, naomba uvute waya.

MPANGAJI SINZA

Umenigusa mkuu. Mimi nina chumba na sebule, siruhusiwi kutoboa ukuta wa nje. Nina ile ndogo ya waifai ya kuzunguka. Niiweke wapi?

FUNDI WA TABATA

Ndani, kwenye usawa wa kichwa au juu kidogo, itazame mlango wa kuingilia, mwanga wa dirisha usiwe nyuma ya mlango huo. Anayeingia anakuja usoni mwake moja kwa moja. Izuie kuzunguka, maana ikizunguka kumfuata paka, mlango unabaki bila macho.

Kadi ya kumbukumbu ndiyo ugonjwa wa kamera hizi. Kamera inaandika usiku na mchana, kadi ya kawaida ya simu inachoka upesi na haikwambii kwamba imechoka. Tafuta kadi iliyotengenezwa kwa ajili ya kurekodi mfululizo, pakiti yake huwa imeandikwa hivyo. Na kadi bandia ni nyingi mno: inaandikwa GB 128, ndani ina 8. Ijaze mafaili kwenye kompyuta kisha uyafungue ya mwisho kabla hujaiweka kwenye kamera. Na kila baada ya muda, fungua rekodi ya wiki iliyopita uone kama ipo kweli.

NIPO MUSCAT

Salaam aleikum. Nipo Oman kikazi, najenga Tanga. Kiwanja kina banda la saruji na nondo, umeme wa TANESCO bado. Nataka kuona kinachoendelea nikiwa huku. Nimeambiwa ninunue ya sola na laini.

FUNDI WA TABATA

Waaleikum salaam ndugu yangu. Kwa hali yako ya sasa, ya sola yenye laini ya 4G ndiyo jibu, ila ujue inavyofanya kazi. Nyingi za aina hiyo hazirekodi muda wote. Zimelala, na kuna kihisio cha joto la mwili kinachoziamsha mtu akipita. Kati ya kuamka na kuanza kurekodi kuna sekunde kidogo zinapotea. Ukiiweka itazame njia kwa mbali, mtu anapita kwa ubavu mapema na inawahi. Ukiiweka imwone akiwa tayari mlangoni, utapata mgongo wake. Paneli ielekee mahali pasipo na kivuli cha mnazi wala mwembe, na ifutwe vumbi mara kwa mara, hasa saruji ikiwa inachanganywa karibu.

Kuhusu bando: rekodi inayokaa kwenye kadi ndani ya kamera haili bando. Bando linaliwa ukifungua kutazama. Picha kamili ya megabiti 2 kwa sekunde inakula karibu MB 900 kwa saa moja ya kutazama. Kwenye programu kuna chaguo la ubora wa chini, linashuka hadi kama robo ya hapo. Tazama kwa ubora wa chini, na ukiona jambo ndipo upande juu.

Kitu kimoja tena kwako. Saa ya Oman iko mbele ya Tanga kwa saa moja. Kamera iwekwe saa ya Tanga, yaani GMT+3, na wewe uhesabu mwenyewe ukiwa huko. Siku ya kwenda kituoni, saa inayojulikana na mlinzi na majirani ndiyo yenye maana.

MKAAJI WA KIGAMBONI

Hapo kwenye saa umenikumbusha. Zangu zinaonyesha asubuhi wakati ni usiku wa manane. Nani anajua kwa nini? Halafu moja inazima kila ikifika usiku, kukicha inarudi yenyewe. Fundi aliyenifungia hapokei tena simu.

FUNDI WA TABATA

Pole mkuu. Matatizo yote mawili nayajua vizuri.

Saa: vifaa vingi vinatoka kiwandani vikiwa na saa ya China, GMT+8. Kama hakuna aliyebadilisha, uko mbele kwa saa tano. Tukio la saa nane usiku linaandikwa 07:00. Ingia kwenye mipangilio, weka GMT+3, ondoa alama ya kubadilisha saa kwa majira maana huku kwetu hatubadilishi, kisha washa kusahihisha saa kwa mtandao. Ikiwa saa inarudi nyuma kila umeme ukikatika, fungua DVR, ndani kuna kibetri cha duara, mara nyingi ni CR2032. Kimekufa, badilisha.

Kamera inayokufa usiku: mchana inatumia umeme kidogo. Giza likiingia zile taa za infraredi (mwanga wa kuonea gizani usioonekana kwa macho) zinawaka na umeme unaohitajika unapanda. Kama waya ni mrefu na mwembamba, volti 12 zilizotoka kwenye adapta zinafika pungufu, kamera inazimika, inajaribu kuwaka, inazimika tena. Mfano halisi: jozi moja ya waya wa kebo ya mtandao, urefu mita 40, kamera inavuta ampea 0.4. Hapo unapoteza zaidi ya volti 2 na nusu njiani. Na hiyo ni kwa shaba safi. Kebo nyingi za bei rahisi ni alumini iliyopakwa shaba, hasara yake ni kubwa zaidi. Kwarua waya kwa kisu: ukiona weupe ndani, ndiyo hiyo. Kabla hujabadilisha kebo, jaribu kuilisha kamera hiyo kwa adapta yake yenyewe karibu na ilipo. Ikipona hapo, ugonjwa umeujua.

Na wewe uko Kigamboni, kuna chumvi ya bahari. Maungio ya BNC na plagi ya umeme yasining'inie nje nyuma ya kamera. Yawekwe ndani ya kiboksi cha plastiki, yazungushiwe utepe wa mpira unaojishika wenyewe, na waya uingie ukitokea chini ili maji ya mvua yadondoke kabla ya kufika kwenye tundu. Nimeona konekta za mwaka mmoja tu huko Mbezi Beach na Kunduchi zimekuwa za kijani. Angalia pia alama ya IP66 au IP67 kwenye kamera, ya kuzuia vumbi na maji (IP hii si ile ya mtandao). Hiyo inalinda mwili wa kamera. Mkia wake wa waya unaulinda wewe.

MZEE WA MAKONGO

Vijana, mimi shida yangu ni buibui. Usiku picha ni nyeupe tupu, na simu inalia mpaka alfajiri.

FUNDI WA TABATA

Shikamoo mzee wangu. Wadudu wanaizunguka kamera usiku, nao wanamvuta buibui na mjusi. Uzi mmoja wa buibui mbele ya lenzi unarudisha mwanga wa taa za kamera. Fagio la mpini mrefu kila mwezi linahitajika, hakuna dawa ya kudumu. Kinachosaidia zaidi ni kuzima taa za kamera yenyewe kwenye mipangilio na kuweka taa ya nje ya kawaida pembeni, mita kadhaa kutoka kwenye kamera. Wadudu wanaifuata taa, kamera inabaki safi, na picha inapata rangi. Pia hakikisha kamera haijaegemea ukuta mweupe au ubao wa paa, maana mwanga unaugonga ukuta kwanza na kuipofusha.

Kelele za simu: chora eneo dogo la tahadhari, mlango na kigeti peke yake, ondoa miti na barabara. Kamera mpya zenye uwezo wa kutofautisha mtu na kitu kingine zinapunguza sana. Simu ikilia mara mia kwa usiku, utaizima, na siku ya mwizi itakuwa imezimwa.

FUNDI UMEME ARUSHA

Naongezea kwa ruhusa ya mwenye uzi. Kukatika kwa umeme ndiko kunakoua mifumo. Wezi wengine wanashusha swichi kuu kwenye mita iliyo nje kabla ya kuingia. Kamera zikizimika wakati huo, zote ni kazi bure.

FUNDI WA TABATA

Umesema kweli kabisa mkuu. Hesabu yake iko hivi. Kamera nne usiku, wati 5 kila moja, ni 20. DVR na diski yake 15. Ruta 10. Jumla wati 45. Betri ndogo ya volti 12 ampea-saa 7, ile ya kwenye UPS za kompyuta, ina wati-saa 84. Kwenye makaratasi ni karibu saa mbili, na uhalisia ni chini ya hapo. Inafaa kwa umeme unaokatika na kurudi. Kwa usiku mzima, betri ya ampea-saa 100 ukiitumia nusu yake tu isife mapema, inakupa wati-saa 600, zaidi ya saa 12. Mwenye inveta au sola ya nyumba aunganishe kamera na ruta huko huko, ruta isisahaulike.

DVR nayo msiiweke chini ya televisheni. Mwizi anachukua vyote kwa mkupuo mmoja na ushahidi unaondoka naye. Iwe kwenye kabati la stoo linalofungwa, lenye matundu ya hewa. Darini hapana, mchana chini ya bati ni tanuri, diski haidumu. Diski yenyewe iwe ya kurekodi mfululizo kama WD Purple au Seagate SkyHawk. Diski ya kompyuta iliyotumika inayouzwa kwa bei ya kutupa ina saa zake nyingi tayari.

Ukubwa wa diski: kila megabiti 1 kwa sekunde ni GB 10.8 kwa siku. Kamera nne za megabiti 2 ni GB 86 kwa siku, kwa hiyo TB 1 inabeba siku 11 hivi na TB 2 siku 23. Chukua TB 2. Watu husafiri kwenda kijijini wiki mbili, wanarudi wanagundua kitu kimepotea, na diski imeshajifuta mwanzo wake.

NIPO MUSCAT

Na usalama wa mtandaoni? Huku tumesikia kamera za watu zinatazamwa na wageni.

FUNDI WA TABATA

Ni jambo la kweli. Oktoba 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka vifaa vingi vya majumbani, kamera na DVR zikiwemo, vilivyoachwa na nywila za kiwandani, vikatumika kuishambulia Dyn, kampuni iliyokuwa ikielekeza watu kwenye tovuti, na kuangusha mitandao mikubwa kwa saa kadhaa. Septemba 2021 Hikvision, watengenezaji wa kamera, wenyewe walitangaza tundu lililomwezesha mtu kuiteka kamera bila nywila, namba yake CVE-2021-36260, wakatoa programu mpya ya kulifunga. Aliyesasisha alipona. Ambaye hajasasisha bado yumo hatarini mpaka leo.

Kwa hiyo: nywila mpya ndefu siku ile ile ya kufunga, na uiandike wewe, si fundi. Akaunti ya programu ya simu ifunguliwe kwa namba au barua pepe yako, wewe uwe mmiliki. Mafundi wengi wanaiingiza DVR kwenye akaunti yao "kwa urahisi", na siku mkigombana wao ndio wenye macho ndani ya nyumba yako. Nawaambia wenzangu wa kazi hii waziwazi, tabia hiyo tuiache. Usikubali kufunguliwa milango (port) ya ruta kuelekea nje. Programu za watengenezaji zinafika kwenye kifaa bila hiyo. Stika yenye namba ya siri na msimbo wa kuskani iliyobandikwa kwenye DVR usiipige picha ukaitupia mtandaoni.

MAMA WAWILI

Fundi, la mwisho kwangu. Nataka kumwekea dada wa kazi kamera, nina mtoto mchanga. Wengine wananiambia niifiche.

FUNDI WA TABATA

Usiifiche dada yangu. Mwambie ipo, mwonyeshe ilipo, mweleze inatazama mtoto anapochezea na anapolishwa chakula. Chumba anacholala yeye, bafu na choo, hapana kabisa, hata kwa maelezo yoyote. Na mwenye nyumba akimwekea kamera ya siri binti wa watu mahali anapobadilishia nguo, hakuna fundi mwenye heshima atakayeshika kazi hiyo. Faragha ya mtu imo kwenye Katiba yetu, Ibara ya 16, na tangu 1 Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi. Picha ya mtu anayetambulika ni taarifa yake. Zile klipu za wafanyakazi wa ndani zinazosambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp zinawaumiza watu ambao hawana wa kuwatetea. Ukiona jambo baya kwenye kamera, peleka kituoni.

Na kwa jirani vivyo hivyo. Kamera ya uani isitazame dirisha lake wala kamba yake ya nguo. Ikilazimu kugeukia huko, kwenye mipangilio kuna kipengele cha kufunika sehemu ya picha kwa rangi nyeusi. Mwite aje aone kwenye skrini, mmalizane.

MJENZI WA GOBA

Mkuu, na nikiibiwa Mungu apishie mbali, picha naipelekaje ikubalike?

FUNDI WA TABATA

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, inaruhusu ushahidi wa kielektroniki, ila mahakama inaangalia ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na kama haujaguswa. Kurekodi skrini ya DVR kwa simu kisha kutuma WhatsApp kunaharibu ubora na kunazua maswali. Fanya hivi: zuia DVR isiendelee kujifutia, hata kwa kuizima ukishatoa nakala. Chomeka flashi, toa kipande cha saa nzima kabla na baada ya tukio, pamoja na kile kichezeshi chake (programu ya kufungulia video) ikiwa kifaa kinakitoa. Piga picha skrini ya DVR ikionyesha saa yake pembeni ya saa ya simu yako, ili tofauti ikiwepo ijulikane. Nakala mbili, moja ya kituo, moja yako. DVR yenyewe usiiguse zaidi, polisi wanaweza kuihitaji. Andika kwenye daftari nani alitoa nakala na saa ngapi.

MJENZI WA GOBA

Nimeelewa. Kesho fundi anakuja kufunga ya kigeti. Nimwambie nini hasa?

FUNDI WA TABATA

Lenzi ya 6 kama mtu atasimama mita 5 hadi 8, ya 3.6 kama ni mita 4 au chini. Mita 2.5 kutoka ardhini. Kabla hajapigilia skrubu za mwisho, usimlipe kwa picha ya mchana. Subirini giza liingie, zima taa zote, mtu ambaye fundi hamfahamu asimame kwenye kigeti amevaa kofia, kisha fundi akutumie wewe picha moja iliyotolewa kwenye rekodi ya DVR, si ile ya moja kwa moja. Ikuze. Ukiweza kumwelezea mtu yule pua yake, ndevu zake na alama usoni, mlipe na umshukuru. Ukiona kofia, mwambie ashushe kamera. Tupia na picha hiyo hapa tuione, ukimwomba ruhusa aliyesimama.